Adapta moja yatosha, ila tuijue lugha ya vifaa vyetu

Muhula uliopita nilialikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili wa shule za upili kuhusu ufundishaji wa isimu. Nilifika ukumbini mapema, kama impasavyo mgeni, nikakiweka kipakatalishi changu mezani na kuanza kuvipanga vifaa nilivyokuja navyo. Kipakatalishi hicho kimekula chumvi. Herufi A imekufa kwenye kibodi chake, na msomaji anajua kwamba Kiswahili bila A ni sawa na chungu kisicho na kitako. Kwa sababu hiyo mimi hutembea na kibodi cha pembeni kisichotumia waya. Nina pia kipanya kisichotumia waya, na kielekezi kidogo cha kugeuzia kurasa za mhadhara nikiwa katikati ya ukumbi. Kila kimojawapo kilikuja na kipokezi chake, kile kidude kidogo mithili ya ukucha ambacho huchomekwa kwenye tundu la USB.

Vipokezi vilikuwa vitatu. Matundu ya USB katika kipakatalishi changu ni mawili. Na mhadhara wenyewe ulikuwa ndani ya flashi, ambayo nayo ilihitaji tundu. Nikawa mbele ya walimu sabini nachomeka hiki, nachomoa kile, mfano wa mwenye nyumba aliyealika wageni wanne akiwa na viti viwili. Ndipo mwalimu mmoja wa makamo, aliyeketi safu ya mbele, akaniuliza kwa sauti ya upole: "Daktari, watoto hawa wote hawawezi kulelewa na mama mmoja?"

Ukumbi uliangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini swali lile sikulijibu, kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Nilimwahidi mwalimu yule kuwa nitalitafuta, na makala haya ni utekelezaji wa ahadi hiyo. Ninayaandika nikiamini kwamba walimu na wanafunzi wengi wamo katika adha iyo hiyo: vifaa visivyo na waya vinaongezeka mikononi mwetu, ilhali matundu ya vipakatalishi yanazidi kupungua.

Jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kosa, na sioni haya kulikiri. Nilikwenda Barabara ya Luthuli jijini Nairobi nikanunua adapta ya Bluetooth, kwa kuwa nilikwisha kusikia kuwa adapta moja ya aina hiyo huweza kuviunganisha vifaa kadhaa. Niliporudi nyumbani niliichomeka, nikavitupa pembeni vile vipokezi vitatu kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo, kisha nikakiwasha kipanya. Kimya. Nikakiwasha kielekezi. Kimya vilevile. Kibodi peke yake ndicho kilichoitikia, na hata hicho kiliitikia baada ya kukibonyezabonyeza kwa muda. Kesho yake nilirejea dukani uso ukiwa umekunjamana.

Kijana muuzaji alikipokea kipanya changu, akakipindua, akasoma maandishi madogo yaliyo tumboni mwake. "Mwalimu," akasema, "hiki hakina Bluetooth. Hiki ni cha gigahezi 2.4."

"Na adapta uliyoniuzia ni ya gigahezi ngapi?"

"Ni 2.4 pia."

"Basi mbona havisikilizani?"

Kijana akatabasamu. "Kusikiana vinasikiana, Mwalimu. Ila haviongei lugha moja."

Nimefundisha isimu chuo kikuu kwa miaka mingi. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba sauti si lugha. Hewa iletayo maneno ya Mchina masikioni mwangu ni hewa iyo hiyo iletayo maneno ya mama yangu. Kinachotofautiana ni kanuni ambazo wazungumzaji wamekubaliana juu ya sauti hizo. Yalinibidi mafunzo hayo niyapokee upya kaunta ya dukani kutoka kwa kijana mwenye umri wa wanafunzi wangu. Nami nadhani somo zima la vifaa visivyo na waya limo katika kauli ile yake.

Tuanze na hewa yenyewe. Vipanya, vibodi, vipokea sauti vya masikioni, spika na vielekezi vingi visivyo na waya hutumia mawimbi ya redio yaliyo katika eneo la gigahezi 2.4. Eneo hilo halikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni sehemu ya masafa ambayo imeachwa wazi karibu duniani kote kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, hivi kwamba mtengenezaji wa kifaa chenye nguvu ndogo hahitaji kuomba leseni ya masafa kama iombwavyo na kituo cha redio. Ni kama uwanja wa kijiji: kila mtu ana ruhusa ya kuingia, madhali hapigi kelele kupita kiasi. Katika uwanja huo huo zimo Wi-Fi za nyumbani na shuleni, na hata oveni za maikrowevu huvujisha kelele humo. Kwa hiyo mtu anapoambiwa kuwa kifaa ni cha "gigahezi 2.4", ameambiwa kilipo kifaa hicho. Hajaambiwa kinazungumza nini.

Lugha ya vifaa huitwa itifaki. Neno hili tulilizoea katika mambo ya mabalozi na mapokezi ya wakuu wa nchi, na maana yake haijaenda mbali: ni utaratibu uliokubaliwa wa nani aanze kusema, aseme nini, kwa mpangilio gani, na anayesikia aitikieje. Vifaa viwili vikiwa na itifaki moja vitaelewana hata kama kimoja kimetengenezwa Korea na kingine Uchina. Vikikosa itifaki moja, havitaelewana hata vikiwa vimetoka kiwanda kimoja na kufungwa katika sanduku moja.

Mintarafu ya itifaki, vifaa vinavyotufikia vimegawika katika makundi matatu. Mnunuzi asiyeyatenga makundi haya ataingia hasara kama niliyoingia mimi.

Kundi la kwanza ni la vifaa vyenye lugha ya siri ya wawili. Kipanya cha bei nafuu na kipokezi chake huoanishwa kiwandani, na aghalabu kipokezi hicho hakikubali mwingine. Ni mithili ya mapacha waliobuni lugha yao chumbani. Hata mama hawaelewi. Kipokezi kikipotea, kipanya hubaki kuwa jiwe la kuzuilia karatasi. Mara nyingine kipanya na kibodi vilivyouzwa pamoja hutumia kipokezi kimoja, lakini utatu haukubaliki. Kipanya changu na kielekezi changu vilikuwa vya kundi hili, na hapana adapta yoyote ya Bluetooth ambayo ingevisaidia.

Kundi la pili ni la lugha ya ukoo. Kampuni ya Logitech, kwa mfano, ilitoa mwaka wa 2009 kipokezi kilichoitwa Unifying, yaani chenye kuunganisha. Kipokezi kimoja huweza kuvihudumia vifaa hadi sita, vipanya na vibodi, mradi kila kimoja kiwe na alama ya ukoo huo, ambayo ni kijiduara cha rangi ya machungwa chenye umbo mfano wa nyota au jua. Kifaa kipya huongezwa kwa kutumia programu maalumu ya kampuni hiyo. Mwaka wa 2021 kampuni iyo hiyo ilileta kipokezi kingine kiitwacho Bolt, ambacho nacho hupokea vifaa hadi sita. La kustaajabisha ni kwamba Bolt na Unifying havielewani. Kipanya cha ukoo wa zamani hakiwezi kuitikia kipokezi cha ukoo mpya, ijapokuwa baba yao ni mmoja. Isitoshe, vipokezi hivi haviwi msaada kwa spika wala vipokea sauti vya Bluetooth, kwa kuwa vilikusudiwa kubeba mibofyo ya vitufe na miendo ya kipanya, ambayo ni maneno machache mno yakilinganishwa na mkondo wa muziki.

Kundi la tatu ni la lugha sanifu, na hapa ndipo ilipo Bluetooth. Historia yake inastahili kusimuliwa darasani. Kazi ilianza mwaka wa 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Uswidi, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen na wenzake walitafuta njia ya redio ya masafa mafupi ya kuchukua nafasi ya waya. Ericsson ingaliweza kuifanya kazi hiyo kuwa lugha ya ukoo wake. Badala yake, mwaka wa 1998 iliungana na Intel, Nokia, IBM na Toshiba kuunda umoja wa kuisimamia itifaki hiyo kwa pamoja, na toleo la kwanza likachapishwa mwaka wa 1999. Jina lenyewe lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel. Alilichukua kutoka kwa Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye lakabu yake ni "Jino la Buluu" na ambaye hukumbukwa kwa kuwaunganisha Wadenmark na kutawala Norway. Alama tuionayo juu ya vifaa ni herufi mbili za kale za watu wa Kaskazini, H na B za jina la mfalme huyo, zilizofumwa pamoja.

Hapa Afrika Mashariki kisa hiki si kigeni kwetu. Mwaka wa 1928 ulifanyika mkutano mjini Mombasa uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya maeneo manne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ya kukisimamia. Kiunguja hakikuteuliwa kwa sababu Kimvita kilipungukiwa. Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi ambayo wenyewe waliionea fahari, na manung'uniko ya wapenzi wake hayajakoma hadi leo. Hata hivyo, matokeo ya uteuzi ule ni kwamba kitabu kilichopigwa chapa Nairobi kinasomeka Dodoma. Usanifishaji una gharama, na gharama hiyo tusiikanushe. Lakini pasipo usanifishaji kila ukoo hubaki na kipokezi chake, na matundu hayatoshi.

Jibu la swali la mwalimu wangu basi ni hili: naam, mama mmoja yuko, ila ni lazima watoto wawe wanazungumza lugha yake. Anayetaka kuunganisha vifaa kadhaa kwa adapta moja ana njia mbili. Ama anunue vifaa vyote vya ukoo mmoja vyenye alama moja ya kipokezi, ama avinunue vyote vyenye Bluetooth, vya kampuni yoyote ile. Kigawanyi cha matundu, kile kifaa kinacholifanya tundu moja kuwa manne, ni njia ya tatu, lakini hicho huongeza viti tu, hakiwapatanishi wageni.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, mwalimu na akiangalie kwanza kipakatalishi chake. Vipakatalishi vingi vya miaka ya karibuni vina Bluetooth ndani yake, nao wenye navyo hawajui kwa kuwa imezimwa katika mipangilio. Nimewaona watu wakinunua adapta ya kitu walicho nacho tumboni. Zaidi ya hayo, kompyuta ya Windows huitumia Bluetooth moja tu kwa wakati mmoja. Ukichomeka adapta mpya juu ya ile ya ndani bila kuizima ya ndani, utazua ugomvi wa wakewenza.

Ikiwa adapta inahitajika kweli, toleo lake ni muhimu. Mwaka wa 2010 lilitolewa toleo la 4.0 la Bluetooth, ambalo lilileta lahaja mpya inayotumia nishati kidogo. Ni lahaja hiyo inayokiwezesha kipanya kudumu miezi mingi kwa betri moja. Vipanya na vibodi vingi vya sasa huizungumza lahaja hiyo peke yake, hivyo adapta ya kabla ya toleo la 4.0 haitavielewa. Adapta za matoleo ya 4.0 na 5.0 zinazouzwa madukani kwa kawaida huzijua lahaja zote mbili, ya zamani na ya sasa.

Kuunganisha kwenyewe si kazi ya mganga. Chomeka adapta, uingoje mfumo wa kompyuta uitambue. Washa kifaa kimoja, kisha bonyeza kitufe chake cha kuoanishia bila kukiachilia hadi taa ianze kupepesa. Kupepesa huko ni kifaa kujitangaza jina. Fungua sehemu ya Bluetooth katika mipangilio ya kompyuta, ulichague jina hilo. Kibodi huenda kikakutaka uchape tarakimu chache zitakazoonekana kwenye skrini, ili kompyuta iwe na hakika kwamba anayeomba kuingia ndiye uliyemshika mkononi. Kikishakubaliwa, nenda kwa kifaa cha pili. Usiviwashe vyote kwa pamoja, hasa darasani ambamo wanafunzi wana vyao mifukoni, usije ukaoa kibodi cha jirani.

Je, vifaa vingapi? Katika Bluetooth ya lahaja ya zamani, kompyuta moja huweza kuzungumza na vifaa saba vilivyo kazini kwa wakati mmoja. Lakini wingi huo ni wa kwenye karatasi. Adapta ina mdomo mmoja. Huvihudumia vifaa kwa zamu, kila kimoja kikipewa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kipanya na kibodi ni wageni wasio na maneno mengi. Vipokea sauti ndivyo wasemaji wakubwa, kwa kuwa mkondo wa sauti haukatiki. Ukiweka kipanya, kibodi na spika moja, karamu itakwenda vyema. Ukiongeza spika nyingine na vipokea sauti, kipanya kitaanza kukwamakwama. Kwa vipokea sauti vyenye maikrofoni kuna jambo jingine la kukumbukwa: mara maikrofoni inapotumika, kwa mfano katika mkutano wa mtandaoni, ubora wa sauti unayoisikia huenda ukashuka ghafla, kwa kuwa njia iliyokuwa ya kwenda tu sasa imekuwa ya kwenda na kurudi. Kifaa hakijaharibika.

Msomaji huenda akauliza vifaa vyote hivi huponeaje katika uwanja wenye kelele za Wi-Fi na za majirani. Jibu lake ni la ajabu. Bluetooth haikai mahali pamoja. Lahaja yake ya zamani huligawa eneo la gigahezi 2.4 katika mikondo 79 na kuruka kutoka mmoja hadi mwingine mara 1,600 kila sekunde, adapta na kifaa vikiruka pamoja kwa mpango ambavyo vyenyewe vinaujua. Wazo la kuruka masafa ni la kale kuliko kompyuta tulizo nazo. Mwaka wa 1942 mwigizaji wa filamu mzaliwa wa Vienna, Hedy Lamarr, na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani kwa mbinu ya namna hiyo, iliyokusudiwa kuizuia adui asivuruge uelekezaji wa topido. Waliazima mpango wa karatasi zenye matundu zilizotumiwa katika piano za kujipiga, na mikondo waliyoipendekeza ilikuwa 88, sawa na vibonyezo vya piano. Mwanafunzi anayedhani kwamba sanaa na sayansi ni nyumba zisizopakana na akikumbuke kisa hiki.

Pamoja na werevu huo, ziko kelele ambazo adapta haiwezi kuzikwepa. Mojawapo hutoka mlango wa pili. Mwaka wa 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yaliyoonyesha kuwa vifaa vya USB 3.0, hasa diski za nje, hutoa kelele ya redio katika eneo lile lile la gigahezi 2.4. Kwa hiyo kipanya kikisitasita kila unaponakili faili, usikimbilie betri wala duka. Ihamishe adapta hadi tundu la upande wa pili, au itoe nje kwa waya mfupi wa kurefushia, na mara nyingi kusitasita huko kutakoma.

Tofauti moja zaidi kati ya lugha ya ukoo na lugha sanifu inawahusu sana walimu wanaohama darasa hadi darasa. Kipokezi cha ukoo hubeba kumbukumbu ya vifaa vyake ndani yake. Ukikichomoa katika kompyuta ya maktaba na kukichomeka katika ile ya maabara, kipanya na kibodi huendelea na kazi papo hapo. Katika Bluetooth, kwa kawaida mapatano huwekwa na kompyuta yenyewe. Ukiipeleka adapta kwenye kompyuta nyingine, itakubidi ufunge ndoa upya. Vilevile kipokezi cha ukoo hutambuliwa kama kibodi cha kawaida tangu kompyuta inapowashwa, ilhali adapta ya Bluetooth aghalabu husubiri hadi mfumo uwe tayari. Kwa sababu hiyo shule isikose kuhifadhi kabatini kibodi kimoja cha waya. Siku mfumo utakapogoma, ndicho kitakachowaokoa.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo naliona zito kuliko mengine. Azungumzaye uwanjani husikiwa na wapitao. Mwaka wa 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille walionyesha udhaifu wa aina mbili. Kwanza, vipokezi vya kampuni kadhaa viliweza kulaghaiwa na mtu aliye mbali kiasi, akachapa maneno katika kompyuta ya mwenzake pasipo kuigusa. Pili, vibodi kadhaa vya bei nafuu vilikuwa vikipeleka kila herufi hewani bila kuifumba, hivyo mwenye chombo kinachofaa angeweza kuisoma kama asomavyo ubao. Mwalimu na alifikirie hilo kwa kituo. Kibodi anachokitumia kuchapa barua ndicho anachokitumia kuchapa maswali ya mtihani, alama za wanafunzi na nywila ya akaunti yake. Tunafunga makabati ya mitihani kwa kufuli mbili, kisha tunayatangaza maswali hewani kwa kibodi kisicho na siri. Mwenye kipokezi cha zamani na atafute marekebisho ya programu kutoka kwa mtengenezaji. Na anayetunga mtihani, kama hana hakika na kibodi chake, na arudi kwenye waya. Waya si ushamba. Ni tahadhari.

Nikirudi kwa kijana wa Barabara ya Luthuli, kuna jambo lililonikera zaidi kuliko zile fedha nilizopoteza. Maandishi tumboni mwa kipanya changu yalikuwepo siku zote. Karatasi ya maelezo ilikuwa katika lugha zaidi ya kumi, na Kiswahili hakikuwemo. Kwa nini iwe hivyo kwa lugha ya mamilioni ya watu? Sehemu ya lawama ni ya watengenezaji. Sehemu nyingine ni yetu sisi tunaojiita wataalamu wa lugha. Mwaka wa 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo kwa Kiswahili, wakathibitisha kuwa kazi hii inawezekana. Lakini hadi leo tungali tunazozana. Mmoja husema tarakilishi, wa pili kompyuta, wa tatu ngamizi. Kifaa ninachokiita kipakatalishi hapa, ndugu yangu wa Tanzania hukiita kompyuta mpakato. Neno lenyewe la kifaa kinachochomekwa nimeliandika mara kipokezi, mara adapta, nami nimejitahidi kuyatenga maana: kipokezi ni cha ukoo, adapta ni ya wote. Je, mwalimu wa sekondari amepewa wapi utaratibu wa kuyatenga?

Sidai kwamba istilahi moja ingeniokoa na kosa langu. Nadai kwamba lau ningekuwa na neno, ningekuwa na swali. Ningefika kaunta na kuuliza: "Kijana, itifaki ya kipanya hiki ni ipi?" Badala yake niliuliza bei. Tume na mabaraza ya Kiswahili ya nchi zetu yana kazi ya kuafikiana kuhusu istilahi hizi, kama walivyoafikiana wale wahandisi washindani wa mwaka wa 1998. Nasi walimu tuna kazi ya kuzitumia darasani bila kusubiri, kwa maana istilahi isiyosemwa na mwanafunzi ni kipokezi kisicho na kipanya.

Mwalimu wa safu ya mbele, nimelipa deni. Mezani pangu sasa kuna adapta moja. Inakihudumia kibodi nilichokuwa nacho, kipanya kipya, kielekezi kipya na spika ndogo ya darasani, vyote vya Bluetooth, vya kampuni nne tofauti. Tundu la pili nimeiachia flashi. Kipanya cha zamani nimempa mwanafunzi wangu mmoja, pamoja na kipokezi chake nilichokifunga kwa uzi ili wasitengane. Maswali ya mtihani wa muhula huu nimeyachapa kwa kibodi cha waya.